Mbwa wa Kondoo Asiyejua Kondoo

"Huyu anafanya kazi gani?"

Hilo ndilo swali la kwanza baba aliuliza. Hakuuliza kama tumefika salama, wala barabara ya Emali ilikuwaje na mvua ile. Nilikuwa nimeinamisha kichwa, akanigusa utosini vile mzee humsalimia mtoto wake hata akiwa mtu mzima, halafu akainua macho akamwona Nyota akiruka kutoka nyuma ya Probox ya kaka yangu, masikio wima, ulimi nje, miguu yote minne ikitua kwenye matope ya Loitokitok kwa mara ya kwanza.

"Ni mbwa wa kondoo, baba."

Baba si mtu wa kucheka ovyo. Siku hiyo alicheka. "Mbwa wa kondoo," akarudia, kama mtu aliyeonja chai akakuta imetiwa chumvi. "Anawajua?"

Ukweli ni kwamba hakuwajua. Nyota alikuwa na mwaka mmoja na miezi kumi. Alikuwa na cheti chenye majina ya wazazi wake, mababu zake na mababu wa mababu. Alikuwa na utepe kutoka Jamhuri Park, ambao nilikuwa nimeubeba kwenye mkoba ili nimwonyeshe baba. Lakini kondoo aliowahi kuwaona ni wale wanaopita mbele ya ploti yetu Kitengela wakitafuna makaratasi ya nailoni. Mbwa wa kondoo, kizazi baada ya kizazi, na hajui kondoo ni nini.

Sikumjibu baba. Nikaenda kumsalimia mama.

*

Nyota hakuwa mbwa wangu wa kwanza. Wa kwanza niliishi naye siku sita.

Ilikuwa 2021. Nilikuwa nimehamia Kitengela kwa sababu ya kazi, nikakodisha kanyumba kenye uwanja mdogo huko ndani ndani, mahali ambapo mtu wa boda anakuambia, "Hapo utaongeza fifti." Wiki ya pili jirani akaibiwa mtungi wa gesi. Wiki ya tatu nikaanza kulala na panga chini ya kitanda. Na nisidanganye, haikuwa usalama tu. Nimelelewa kwenye boma lenye ng'ombe, mbuzi, kondoo, punda na mbwa. Kurudi kila jioni kwenye nyumba ambayo hakuna kiumbe hata kimoja kinachojua umerudi, hiyo ilikuwa inanimaliza polepole.

Nikaona tangazo kwenye simu. Jamani shepadi pyua, elfu kumi na tano, maongezi yapo. Picha ilikuwa ya mbwa mkubwa mwenye mgongo mweusi amesimama kama rais. Tukakutana na muuzaji kwenye kituo cha mafuta, barabara ya Namanga. Akafungua katoni, na ndani kulikuwa na kitu cha ukubwa wa kiatu, kinatetemeka. Akasema ana wiki nane. Mama yake yuko kwa shamba, mbali. Makaratasi yanakuja. Mimi, mtoto wa mfugaji, ambaye baba yangu hawezi kununua hata mbuzi bila kumfungua mdomo aangalie meno, nikatuma pesa kwa M-Pesa na kubeba katoni.

Nilimwita Simba, kama kila mbwa wa kila mtoto aliyekulia Kenya. Siku ya tatu akakataa maziwa. Siku ya nne akaanza kuhara damu. Daktari wa mifugo alimtazama dakika mbili tu akajua ni parvo. Akamfungua mdomo, kile nilichopaswa kufanya mimi pale kituo cha mafuta, akasema, "Huyu hana wiki nane. Ana tano hivi. Alipaswa kuwa bado na mama yake." Alimwekea maji ya mshipa kwa siku mbili. Asubuhi ya siku ya sita Simba hakuamka.

Nikampigia muuzaji. Mteja wa nambari uliyopiga hapatikani. Nikamtukana mbele ya daktari, nikamwita muuaji. Daktari alikuwa ananawa mikono. Bila kugeuka akasema, "Dada, yule anauza kwa sababu wewe unanunua."

Nilikasirika. Nilikuwa nimekesha usiku kucha, na huyu ananihubiria. Ilinichukua wiki kadhaa kukubali kwamba elfu kumi na tano yangu ilikuwa imelipia uzazi unaofuata wa yule mama aliyefichwa, popote alipokuwa.

*

Daktari aliniambia kirusi cha parvo kinaweza kukaa kwenye udongo hata mwaka mzima. Kwa hivyo, nikiwa namwaga jik kwenye sakafu na kusubiri, nikasoma.

Nilichokuta kilinishangaza. Huku kwetu jamani shepadi ni mbwa wa askari. Unamwona kwenye lango la benki, kwenye kikosi cha polisi, kwenye kibao cha Mbwa Mkali. Lakini jina lenyewe linasema mchungaji. Mwaka 1899, nahodha mmoja wa jeshi la Ujerumani, Max von Stephanitz, aliona mbwa kwenye maonyesho mjini Karlsruhe, akamnunua, akamwita Horand von Grafrath, na mwezi huohuo akaanzisha chama cha kuwatunza mbwa wa aina hiyo. Horand akawa wa kwanza kuandikwa kwenye daftari la ukoo.

Na kazi yao haikuwa kufukuza kondoo huku na kule kama unavyoona kwenye filamu za Waingereza. Mbwa wa Kijerumani alikuwa ua linalotembea. Mchungaji anapitisha kundi kati ya mashamba yasiyo na uzio: huku nyasi, huku ngano ya watu. Kazi ya mbwa ni kwenda na kurudi kwenye ule mpaka kutwa nzima. Kondoo akiweka mguu kwenye ngano, anarudishwa.

Niliposoma hapo nikaweka simu chini. Mtu yeyote wa Loitokitok anajua kesi ngapi za chifu huanza na mbuzi aliyeingia kwenye nyanya za mtu.

Halafu malisho ya Ujerumani yakakatwakatwa, viwanda vikaja, kondoo wakapungua. Von Stephanitz hakutaka mbwa wake wabaki mapambo, akawasukuma kwa polisi na jeshi. Ndivyo mchungaji alivyogeuka askari. Nilikuwa nasoma hadithi hiyo nikiwa Kitengela, mahali ambapo miaka michache tu iliyopita palikuwa malisho, na sasa kila asubuhi kuna kigingi kipya na kibao cha ploti za nane ya ekari. Hapa pia kondoo wanapungua. Hapa pia wachungaji wanakuwa mabawabu. Nina binamu wawili wanaolinda mageti Nairobi.

*

Safari hii sikununua kwenye kituo cha mafuta. Nilimpata mama mmoja anayefuga nje kidogo ya Nairobi, mtu mzima, mkali kama mwalimu wa hesabu. Nikamwambia nimekuja kununua. Akasema, "Leo hununui. Leo umekuja tuonane."

Akaniuliza maswali ambayo hata mwenye nyumba wangu hajawahi kuniuliza. Unalipwa kila mwezi au kibarua? Ukienda ushago Desemba, mbwa anabaki na nani? Uzio wako una urefu gani? Unaamka saa ngapi? Akanionyesha mama wa watoto, akamwacha aninuse. Akanionyesha picha za eksirei za nyonga za mama na za baba. Akaniambia aina hii ina ugonjwa wa nyonga: kichwa cha mfupa wa paja hakikai sawa kwenye tundu lake, mbwa anakuwa kilema akiwa bado kijana. "Ukiona mtu anakuuzia jamani shepadi na hajui unaongelea nini unapotaja nyonga," akasema, "rudi nyumbani."

Pia akaniambia kitu kilichonishusha. "Kama unachotaka ni mbwa wa kubweka usiku, huna haja na mimi. Nenda KSPCA kule Karen, uchukue mbwa anayehitaji nyumba. Hawa wangu ukimfungia kwenye banda kutwa nzima, atakula banda, halafu atakula wewe."

Nilifikiria hilo kwa wiki mbili, na mpaka leo nadhani watu wengi wanaoniuliza nimpate wapi mbwa kama Nyota, jibu lao ni Karen. Mimi nilirudi. Nilisubiri miezi mitano. Nikalipa elfu sitini kwa mafungu, nikatia sahihi karatasi mbili. Moja inasema nikishindwa kumtunza, anarudi kwake, hauzwi. Ya pili inasema hazai mpaka nyonga zake zipigwe picha akiwa mtu mzima. Nikasaini zote bila kufikiria sana. Mtu akiwa ameshika mtoto wa mbwa anaweza kusaini chochote.

*

Nyota alinila pesa na viatu. Chakula, chanjo, dawa ya kupe, sindano ya kichaa cha mbwa kila mwaka. Nilizoea kuamka saa kumi na moja na nusu tukimbie kabla barabara haijajaa malori. Siku nisipokimbia naye, jioni nilikuta sofa imefunguliwa tumbo. Kwa ploti, watoto wa majirani wakicheza, alikuwa anawazunguka polepole, mara moja, mara mbili, mpaka wanajikuta wamekusanyika kwenye kona moja hawajui wamefikaje hapo. Mama mmoja akaniuliza kama mbwa wangu ni mlokole anataka kuanzisha ushirika.

Yule mfugaji ndiye aliyenishawishi nimpeleke maonyesho ya East Africa Kennel Club pale Jamhuri Park, Ngong Road. Mimi niliona ni mambo ya watu wa Karen na Muthaiga. Nilikosea nusu. Wapo hao, na viti vyao vya kukunja na vikapu vya sandwichi. Lakini kulikuwa na kijana wa Rongai na Rottweiler wake, kulikuwa na askari, kulikuwa na mzee wa Kiambu amevaa suti kama anaenda kutoa mahari.

Uwanjani hakuna mchezo. Unasimama, mwamuzi anakuja, anaangalia meno, anapapasa mabega, mgongo, paja. Halafu anasema mkimbize. Unakimbia duara naye anatazama vile miguu inavyopokezana. Mbwa anayefaa kukimbia kwenye mpaka wa shamba kutwa nzima anapaswa kuteleza, si kurukaruka. Mashindano haya yana lawama yake, na nadhani ni ya haki: mwamuzi anaona mbwa kwa nje tu. Machi 2016, kwenye maonyesho ya Crufts kule Uingereza, jamani shepadi alipewa ushindi wa aina yake, na watu waliokuwa wakitazama kwenye televisheni wakapiga kelele kwamba mgongo umeteremka mno na anatembea kama anayeumwa. Ukiwapa watu zawadi kwa mteremko wa mgongo, watazalisha mteremko.

Mgongo wa Nyota ni wa kawaida. Alikuwa wa pili kwenye kundi lake. Nililia, usiniulize kwa nini.

Kabla sijamfunga kamba nirudi kwa gari, watu watatu walikuwa wameomba nambari yangu. Wote walitaka kitu kimoja. Akizaa, niwekee.

*

Hapo ndipo kaka yangu alipochukua kalkuleta.

Lazima nieleze ukame. Mvua ilikosa kuanzia mwisho wa 2020, ikakosa misimu mitano mfululizo. Baba alikuwa na ng'ombe arobaini na tatu. Kufikia mwisho wa 2022 walibaki kumi na mmoja. Kaka yangu ndiye aliyekuwa anawainua asubuhi kwa kamba na mti, wale walioshindwa kusimama wenyewe. Mimi nilikuwa Kitengela, nikimnunulia Nyota chakula cha mfuko. Sijawahi kumwambia mtu bei ya ule mfuko.

"Watoto wanane," kaka akasema. "Elfu arobaini kila mmoja. Hiyo ni laki tatu na elfu ishirini, bana. Mzee anapata mitamba mingapi?"

Nilijua ni mingapi. Nilikuwa nimeshapiga hesabu hiyo usiku, peke yangu, mara nyingi kuliko yeye.

Kwa hivyo Desemba 2023, El Niño ikiwa imegeuza Loitokitok kuwa kijani mpaka unashindwa kuamini ni pale pale, tukaenda nyumbani tukiwa na mbwa, utepe na mpango.

*

Siku ya kwanza niliamua kumwonyesha baba. Nikamtoa Nyota asubuhi na kundi, nikamshika kwa kamba ndefu. Kondoo wakasimama wakamtazama. Yeye akawatazama. Nikajiambia, damu itazungumza. Damu ikazungumza: Nyota akabweka mara moja kwa furaha, kamba ikanitoka mkononi, na kondoo thelathini na kitu wakaingia moja kwa moja kwenye nyanya za jirani.

Nililipa elfu nne. Baba hakusema neno. Alikaa kwenye kigoda chake akivuta blanketi mdomoni, na mabega yalikuwa yanatikisika.

Usiku huo fisi walikuja karibu na boma. Mbwa wetu wa nyumbani anaitwa Askari. Ni mwembamba, mwekundu, hana cheti, analala kwenye majivu. Alitoka mlangoni kama risasi na sauti kubwa kuliko mwili wake, na fisi wakaenda zao. Nyota tulimpata chini ya Probox.

Siwezi kumlaumu. Kulinda na kuchunga ni kazi mbili. Kule Namibia, shirika la Cheetah Conservation Fund limekuwa likiwapa wafugaji mbwa wa Anatolia tangu 1994, na hao wanakaa ndani ya kundi tangu wadogo, hawachungi, wanalinda tu. Askari hajapelekwa shule yoyote, lakini amezaliwa pale, anajua harufu ya kila mbuzi wetu. Nyota amezaliwa na kichwa cha kazi ambayo hakuna aliyemfundisha, wala mimi sikuijua.

Siku ya tatu karibu nimuue. Baada ya mvua minyoo hupanda, kwa hivyo kaka alikuwa anadunga kondoo na mbuzi dawa ya ivamektini. Akaona kupe kwenye sikio la Nyota. "Mlete," akasema, sindano mkononi, "nimalizane na huyu pia."

Nilipiga kelele mpaka mama akatoka jikoni. Ivamektini ni dawa kubwa. Waliohusika kuigundua walipewa Nobel mwaka 2015, na imeokoa macho ya mamilioni ya watu. Lakini baadhi ya mbwa wa kuchunga wana kasoro kwenye jeni inayozuia dawa isiingie kwenye ubongo. Watafiti wa Washington State University waliieleza mwaka 2001. Kwa koli ni kawaida sana. Kwa jamani shepadi ni wachache, lakini wapo. Mbwa kama huyo akidungwa kipimo cha mifugo, anapepesuka, anaingia koma, anakufa. Na hakuna anayeweza kujua kwa macho ni yupi.

Kaka akaangalia sindano. "Yaani dawa ya kondoo inaua mbwa wa kondoo?"

"Inaweza."

"Mbwa wa gredi ni matatizo," akasema, lakini akaiweka chini. Kupe tulimtoa kwa vidole.

Kuanzia siku ya nne, mtoto wa kaka yangu, layioni wa miaka kumi aliyekuwa likizo, akamchukua Nyota kwa kamba fupi. Hakuwa na habari za Ujerumani. Alikuwa tu amechoka kukimbia kando ya mfereji akizuia kondoo wasivuke kwenye nyanya, kwa hivyo akawa anatembea naye pale, kwenda na kurudi. Jioni ya siku ya sita nilikaa juu ya jiwe nikawatazama. Kilimanjaro ilikuwa imejifungua. Mtoto na mbwa wakienda, wakirudi. Kondoo wakila upande wao. Siwezi kusema Nyota alikuwa amejifunza kitu. Lakini sikuwahi kumwona ametulia hivyo, hata siku ya utepe.

Baba alikuja akasimama nyuma yangu. "Sasa anafanya kazi," akasema. Halafu, baada ya muda, "Kaka yako ameniambia habari ya watoto."

"Nitampima kwanza, baba. Mifupa."

"Mpime."

*

Picha ilipigwa Januari. Alilazwa usingizi, wakamnyoosha miguu, wakapiga. Daktari aliniita niione kwenye skrini. Nyonga ya kulia ilikuwa nzuri, mpira kwenye kikombe. Ya kushoto kikombe kilikuwa kimefanana na sahani.

"Ataishi vizuri," akasema. "Usimnenepeshe, usimrushe ngazi. Lakini asizae."

Nilimpigia yule mfugaji nikiwa natarajia atajitetea. Alinyamaza, akaomba nimtumie picha, akasema ataiandika na hatarudia kuwapandisha wale wazazi pamoja. Akanikumbusha kwamba ugonjwa huu hauji kwa jeni moja. Wazazi wazuri hupunguza hatari, hawaifuti. Nilikuwa nimefanya kila kitu sawasawa na bado.

Nisidanganye kuhusu wiki iliyofuata. Hakuna mtu angejua. Nyota hachechemei. Ana cheti, ana utepe, ana orodha ya watu wanaosubiri na pesa mkononi. Kile kipande cha karatasi nilichosaini, nani angekuja Kitengela kukidai? Na upande wa pili kulikuwa na mzee mwenye ng'ombe kumi na mmoja. Mara mbili nilifungua simu niwaandikie wale watatu. Kilichonizuia hakikuwa wema. Ilikuwa ile katoni. Nilijiona nimesimama kwenye kituo cha mafuta, safari hii upande ule mwingine.

Nikampigia baba. Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu kuhusu mifupa, na urithi, na mkataba. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Unakumbuka yule dume wa Dorper?"

Nilimkumbuka. Mweupe, kichwa cheusi, mkubwa kama ndama. Baba alimnunua nikiwa shule ya msingi, wakati kila mtu alikuwa anatafuta Dorper, kondoo aliyetengenezwa Afrika Kusini kwa ajili ya nyama. Watu walikuja kutoka Kimana kumtazama tu.

"Nilimnunua kwa macho," baba akasema. "Watoto wake walikuwa wakubwa, wazuri. Nikaacha wale wetu wekundu wapotee. Halafu ukaja ukame wa 2009. Wale wakubwa ndio walilala kwanza. Mvua iliporudi, minyoo ikamaliza waliobaki. Wekundu wachache niliokuwa nao ndio hawa unaowaona leo."

Watafiti wa ILRI, wenye ranchi yao pale Kapiti, wamekuwa wakisema vivyo hivyo kwa miaka: kondoo mwekundu wa Kimaasai anavumilia minyoo kuliko Dorper. Baba hajasoma ripoti yoyote. Yeye anajua ng'ombe wake kwa mama zao, nani kazaa nani, nyuma kabisa mpaka kwa ng'ombe wa mama yake mzazi. Mimi nilienda kwa kennel klabu kujifunza kitu ambacho kilikuwa kinasimuliwa kila jioni kando ya moto wetu.

"Mnyama mzuri mwenye kitu kibaya ndani," baba akasema, "huyo ndiye hatari. Mbaya wa sura hakuna anayetaka mbegu yake."

"Na mitamba, baba?"

"Ng'ombe huzaa. Tulikuwa na wawili wakati wa baba yangu. Mfunge uzazi. Halafu umlete Aprili, mtoto ameniuliza."

*

Nyota alifungwa uzazi Februari. Kaka hakuongea na mimi mpaka Machi, akanitumia picha ya ndama bila maneno, nikajua yameisha. Wale watu watatu niliwaandikia ukweli. Wawili hawakujibu. Mmoja akauliza nyonga ni nini, tukaongea saa nzima. Akaenda Karen akachukua mbwa wa rangi ya chai mwenye sikio moja lililokunjika. Wakati mwingine tunakimbia pamoja asubuhi.

Utepe bado uko kwenye mkoba ule ule. Sikuwahi kumwonyesha baba. Safari ile nzima haukupata nafasi ya kutolewa.

Tunaenda nyumbani kila shule zikifungwa. Mtoto wa kaka yangu anamsubiri barabarani, na kabla sijainamisha kichwa kwa wazee, wawili hao wako tayari kwenye mfereji. Yeye hatumii kamba tena. Kondoo mara nyingine bado wanavuka, na jirani bado anapiga kelele, na Nyota akisikia fisi bado anatafuta gari la kuingia chini yake. Lakini baba hajauliza tena anafanya kazi gani.